Jina na Amana: Khabari za Emin Pasha wa Bukoba



Msafiri atokaye Kaniha akishika njia ya Biharamulo na Muleba hufika Bukoba, bandari ya ziwa la Nyanza. Kituo cha Wajerumani mahali hapo kilianzishwa mwezi wa Novemba 1890, na aliyekianzisha aliitwa Emin Pasha. Emin ndilo Amin, yaani mwaminifu. Kijana akilisikia jina hilo huuliza: Je, mtu huyu alikuwa mwenzetu? Swali hilo lastahili jawabu.

Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer. Alizaliwa mwaka 1840 katika Silesia, kwa wazazi wa Kiyahudi, akabatizwa angali mtoto. Alisomea utabibu, na mwaka 1865 akawa daktari wa karantini katika bandari ya Antivari, iliyokuwa chini ya dola ya Waturuki. Huko alijifunza lugha na desturi za Waislamu, akajiita kwa jina la Kiislamu. Lakini alimwandikia dada yake asiwe na khofu, kwani kilichobadilika ni jina tu. Yaliyokuwa moyoni mwake baada ya hapo, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Mwaka 1878 alifanywa gavana wa Equatoria, kusini ya Sudan, kwa niaba ya Misri. Khartoum ilipoanguka mwaka 1885, alikuwa amekatiwa njia, mpaka Stanley alipomfikia mwaka 1888. Mwezi wa Desemba 1889 waliwasili Bagamoyo. Usiku wa karamu, kwa udhaifu wa macho yake, alianguka kutoka dirishani, akaumia vibaya kichwani. Alipopona aliingia katika utumishi wa Wajerumani, akarudi bara.

Basi tumpime kwa lile jina lake. Alikuwa mtu wa elimu: alitibu wagonjwa, akakusanya ndege na mimea, akaandika kila siku aliyoyaona. Lakini alitumikia Waturuki, kisha Misri, kisha Wajerumani, na mwisho akasimamisha boma katika nchi iliyokuwa na wafalme wake wa Kihaya. Mtumishi hodari anaweza kutunza vizuri daftari la bwana wake, na huku haki ya mwenye nchi haimo katika daftari hilo. Hapo uaminifu hupungua.

Hata hivyo, tusimnyime lililo lake. Mwaka 1891 aliondoka Bukoba kwenda magharibi, na msafara wake ukapatwa na ndui. Alimwamuru mwenzake, Stuhlmann, atangulie na wazima, naye akabaki na wagonjwa, hali macho yake yakikaribia kupofuka. Tarehe 23 Oktoba 1892 aliuawa huko Kongo. Binti yake mdogo, Ferida, aliyezaliwa na mama wa Kihabeshi, akalelewa Ujerumani, mbali na nchi ya mamaye.

Enyi wazazi, tunawapa watoto wetu majina mema, Amin na Amina, na tunafanya vyema. Lakini jina ni kama nguo ya Idi: mtoto huivishwa na mzazi, bali amana huivaa mwenyewe. Mwana wenu akipata kazi ya serikali, au ya duka, au ya kupima kahawa katika mizani, mwulizeni kwanza: Haki ya nani imo mkononi mwako?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waaminifu kwa jina na kwa vitendo. Amin.