Funguo za Visanduku vya Mitambo Zibaki Luzira



Katika kurasa hizi tumezoea kusema juu ya mishahara, likizo na malimbikizo. Safari hii tunasema juu ya kisanduku cha chuma, kidogo kama tofali, kinachofungwa ukutani kando ya mashine. Ndani yake mna kompyuta. Haina kioo wala vitufe vya kuandikia. Kazi yake ni kupima joto la boila, kuhesabu chupa, kufungua vali na kuwasha pampu, usiku na mchana. Anayekishika kisanduku hicho ndiye anayekishika kiwanda.

Sisi si maadui wa mashine. Wafanyakazi wa Luzira wameona mitambo ikibadilika tangu kiwanda cha bia kilipoanzishwa hapa Port Bell mwaka 1946, na tangu umeme wa Owen Falls ulipofunguliwa mwaka 1954. Kila mtambo mpya ulipofika walijifunza, wakaurekebisha, na mara nyingine wakauchongea vipuri wao wenyewe. Kinachotusumbua sasa ni mtambo unaofika umefungwa, na ufunguo wake umebaki ng'ambo.

Visanduku hivi aghalabu huagizwa maalumu kwa kiwanda kimoja: kadi yake, programu yake na mpango wa nyaya zake. Hilo si baya lenyewe, kwani kitu kilichoshonwa kwa kipimo hukaa vizuri. Lakini kikiharibika hakuna duka lenye mwenzake, na kama ramani yake haiko kiwandani, hakuna fundi atakayekigusa.

Wako wanaotuambia kwamba mambo haya ni makubwa mno kwetu. Hebu tuyatazame. Visanduku huzungumza kwa waya, na habari hupita biti moja baada ya nyingine, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Njia ya zamani, RS-232, ilitoka miaka ya 1960, na waya wake wa kawaida haufiki mbali, mita 15 hivi. Njia ya RS-485, iliyotolewa mwaka 1983, hutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Inaweza kufika mita 1,200 na kuunganisha vifaa 32 vya kawaida kwenye mstari mmoja. Masharti yake anayaelewa fundi yeyote wa umeme: rezista ya ohm 120 kila mwisho wa mstari, waya usilazwe pamoja na kebo ya mota kubwa, na kinga ya radi iwepo. Hilo la radi si dogo. Pwani hii ya ziwa letu ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi, na mhandisi aliyekaa nchi ya baridi akichora kadi yake huenda hajui.

Katika kiwanda kimoja, ambacho hatukitaji jina, mashine ya kujaza chupa ilikuwa ikisimama ovyo zamu ya usiku. Kumbukumbu za kompyuta zikaonyesha kwamba imesimamishwa, bila kueleza sababu, na mwendeshaji akaandikiwa barua ya onyo. Mafundi walipoomba kufungua kisanduku waliambiwa kina lakiri na dhamana itavunjika. Mtaalamu akangojwa kutoka ng'ambo. Alipofika alikuta waya wa mawasiliano umelazwa mfereji mmoja na kebo ya mota, na rezista ya mwisho haipo. Ilikuwa kazi ya saa moja. Barua ya onyo ikafutwa baada ya tawi letu kupiga kelele, ila bonasi ya zamu iliyopotea haikurudi.

Wauzaji husema lugha ya visanduku vyao ni siri ya biashara. Basi tukumbushane kwamba kampuni ya Modicon ya Marekani, iliyotokana na kompyuta ya kuongoza mitambo kiwandani ambayo Dick Morley na wenzake waliibuni mwishoni mwa miaka ya 1960, ilitoa lugha iitwayo Modbus mwaka 1979. Iliitangaza wazi, na hadi leo hutumika bila malipo. Kwa hiyo muuzaji anapoleta kisanduku kinachojua lugha ya siri peke yake, ni kwa sababu anataka tumpigie simu kila mwaka.

Waajiri nao watasema kuwa neno la siri likizagaa, mtu atachezea boila na watu watakufa. Hapo wana haki, na sisi hatutaki neno la siri lipigwe chapa ukutani. Liwekwe katika sefu ya kiwanda, mkononi mwa fundi mkuu na mwenzake mmoja. Lakini liwe hapa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri anayekusudia kuachisha kazi watu 10 au zaidi katika miezi mitatu, kwa sababu kama za kiuchumi au za teknolojia, akiarifu chama cha wafanyakazi si chini ya wiki nne kabla. Ni kinga nzuri, ila huja jioni. Wiki nne kabla, kisanduku kimekwisha kulipiwa na kufungwa ukutani. Mahali pa kusema ni pale kinapoagizwa.

Wala tusiambiwe hakuna wa kufundisha. Nakawa, jirani yetu, kuna chuo cha ufundi na kuna taasisi ya utafiti wa viwanda. Makerere walitembeza gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Waliojenga gari hilo watashindwaje na kisanduku cha kuhesabu chupa?

Kwa hiyo katika mapatano ya pamoja yajayo tunataka fundi wa kiwanda aketi mezani wakati wa kuagiza. Michoro, nakala ya programu na kadi ya akiba vifike pamoja na mtambo, na muuzaji asilipwe fungu la mwisho kabla hajawafundisha mafundi wetu. Mfanyakazi anayeshitakiwa kwa kumbukumbu za mashine aonyeshwe kumbukumbu hizo zote, akiwa na mwakilishi wake. Matawi yenye visanduku vilivyofungwa lakiri yaandike ni vingapi, vinaongoza mashine gani, na ni siku ngapi mtaalamu alingojwa mara ya mwisho, kisha yatuletee orodha hiyo kabla mazungumzo hayajaanza.