Wana-Kilosa tusisingiziwe uvivu



Kuna usemi unaorudiwa mara kwa mara, kwamba wenye mitaji hawapeleki shughuli zao sehemu fulani za nchi kwa sababu watu wa huko hawana tija. Sisi tulio Vidunda, huku milimani wilayani Kilosa, usemi huo umetugusa. Tunaambiwa kijana wa hapa hapendi kibarua, na kwamba mwajiri ni afadhali alete watu kutoka mbali.

Sikatai kwamba tija ni jambo la kuangaliwa. Mtu anayetaka kujenga kiwanda hana budi kujiuliza mfanyakazi mmoja atatoa kazi kiasi gani kwa siku, wala asitazame mshahara peke yake. Kibarua wa bei nafuu asiyemaliza kazi ni ghali. Ninachopinga ni kuifanya tija kama kabila, yaani mtu huzaliwa nayo au huzaliwa bila hiyo.

Maneno haya hayakuanza leo. Wakati wa ukoloni mashamba ya mkonge ya kandokando ya reli ya kati, yakiwemo ya Kilosa, yaliletewa manamba kutoka mbali, na wenyeji wakaitwa wavivu. Ukweli ni kwamba mwenyeji alikuwa na shamba lake la chakula, na ujira wa mkonge haukutosha kumfanya aliache. Hata manamba wenyewe, wengi wao walisukumwa na kodi ya kichwa. Mtu anayelima mteremko wa mlima kwa jembe la mkono, kisha akashusha mazao kwa kichwa, ataitwaje mvivu?

Tutazame sukari iliyo chini ya milima yetu. Kiwanda cha Msolwa kilianza miaka ya 1960, na cha Ruembe, upande wa Kilosa, kikafuata miaka ya 1970. Viliwekwa hapo kwa sababu ya ardhi na maji ya Mto Ruaha Mkuu. Tena muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, kwa hiyo kiwanda hakiwezi kukaa mbali na shamba. Katika kazi kama hiyo, mkataji akipewa panga butu, au trekta likichelewa kuchukua miwa, hesabu ya siku hushuka. Anayelaumiwa ni mkataji, ijapokuwa kosa si lake.

Mwaka 2021 Serikali na wabia wake walitia saini makubaliano ya kupanua Kampuni ya Sukari Kilombero, kutoka tani zipatazo 127,000 za sukari kwa mwaka hadi tani 271,000. Kama sehemu hii haina watu wa kazi, mtaji mkubwa namna hiyo ungefuata nini?

Kwa upande mwingine, mkoa wetu huu huu uliwahi kuwa na Kiwanda cha Viatu Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Jengo lake lilikuwa na kuta za alumini zisizopitisha hewa, katika nchi ya joto kama yetu. Kiwanda hicho hakikukaribia hata kidogo uwezo kiliojengewa, na kikafungwa mwaka 1990. Hata angeletwa mfanyakazi hodari kutoka nchi gani, asingeweza kuleta tija mahali palipopangwa vibaya toka mwanzo.

Kwa hiyo natoa mwito kwa wahusika. Kwanza, kabla ya kusema watu wa mahali fulani hawafai, wawapime wakiwa na zana sawa na wenzao. Pili, waangalie barabara, maji na zahanati, kwani mtu aliyetembea saa nyingi au anayeugua malaria hawezi kutoa kazi ya mtu mzima. Tatu, vijana wa Vidunda, Kidodi na Ruhembe wapewe nafasi za mafunzo; Chuo cha VETA kipo Mikumi, si mbali. Nne, malipo yafuate kazi, na kipimo cha kazi hiyo kionekane na pande zote mbili.

Nasi vijana tunao wajibu wetu. Tukikubali kazi tufike kwa saa, na msimu wa kupanda ukifika tuage kwanza na kukubaliana, tusitoroke usiku. Mwajiri hawezi kupanga kazi na mtu asiyejulikana kesho atakuwepo ama hatakuwepo.

Lakini mlango ufunguliwe kwanza. Kijana ambaye hajapewa panga, tani zake zitajulikanaje?

Mkulima,
Vidunda, Kilosa.