Kula kwa ajili ya maisha marefu si jambo la matajiri tu

Kila mara mazungumzo juu ya chakula na maisha marefu yanapoanza, iwe redioni ao sokoni, jibu la jamaa nyingi zilizohama makwao ni moja: hayo ni mambo ya wenye kushiba. Mtu anayelala ndani ya hema, asiyejua kama kesho atawasha moto, anafikiri namna ya kufika kesho. Habari ya kufika miaka 90 inamuhusu nini?

Jibu hilo linaeleweka. Lakini historia inaonyesha kwamba ni nusu tu ya ukweli, na nusu ile nyingine, ikisahauliwa, wanaolipa ni watoto.

Ni kweli kwamba mafundisho mengi ya zamani juu ya kula kwa afya yalitoka kwenye meza zilizojaa. Katika Italia, tajiri mmoja wa mji wa Padova, Luigi Cornaro, aliugua sana kwa sababu ya kula na kunywa kupita kiasi. Waganga wake walimwambia abadilike ama afe. Akajiwekea kipimo: aunsi 12 za chakula kwa siku, yaani chini ya nusu kilo, na divai kidogo. Mwaka 1558 alitoa kitabu cha kusifu maisha ya kiasi, na alikufa mwaka 1566. Wanahistoria hawapatani juu ya mwaka aliozaliwa, lakini hata wale wanaompunguzia miaka wanakubali kwamba alipita 80. Kule Japani, msomi Kaibara Ekiken alitoa mwaka 1713 kitabu chake juu ya kutunza uhai, Yojokun, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Yeye pia alifundisha kwamba mtu aache kula kabla tumbo halijajaa.

Mafundisho hayo ni mazuri kwa mwenye sahani tatu kwa siku. Kwa mama anayepika mara moja, jioni, na kugawa sufuria moja kwa watu wanane, kumwambia aache nafasi tumboni ni kama kumtukana. Hapo wenye kusema «hayo ni ya matajiri» wana haki kabisa.

Lakini kuna historia nyingine, nayo haikuanzia kwa matajiri. Ni ile ya kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani, ambacho kwa miaka mingi kilijulikana duniani kote kwa wazee wake waliofikisha miaka 100. Watu wengi wakisikia habari hiyo wanafikiri kwamba wazee hao walikula vitu vya bei kali. Ukweli ni kwamba walikula viazi vitamu.

Mwaka 1605, mtu mmoja wa kisiwa hicho aitwaye Noguni Sokan alirudi kutoka China na miche ya viazi vitamu. Zao hilo asili yake ni Amerika, sawasawa na mihogo, mahindi na maharagi yanayoliwa leo katika Congo. Okinawa hupigwa na tufani kali zinazolaza mpunga, lakini kiazi kimejificha chini ya udongo, na upepo haukifikii. Kikawa chakula cha maskini. Wakubwa walikula wali, wanakijiji walikula viazi, pamoja na majani yake, mboga chungu za bustani, soya na mwani wa bahari. Nyama ya nguruwe ilikuwa ya siku kuu. Hesabu za chakula za mwaka 1949 zinaonyesha kwamba karibu theluthi mbili za nguvu yote waliyopata kutoka chakula zilitoka kwa viazi vitamu. Nao walikuwa na neno lao kwa chakula cha namna hiyo, nuchigusui, maana yake dawa ya uhai.

Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba watu hao nao walikuwa wakimbizi ndani ya kisiwa chao. Tarehe 1 mwezi wa nne 1945, jeshi la Marekani lilishuka Okinawa kupigana na jeshi la Japani. Vita ilidumu karibu miezi mitatu, na inakadiriwa kwamba robo ya wakaaji waliangamia. Waliobaki hai walikusanywa katika kambi, wakalala ndani ya mahema, wakapangwa kwenye foleni za chakula cha msaada. Njaa na malaria viliua wengi humo. Waliporuhusiwa kutoka, wengi walikuta mashamba yao yamegeuzwa kuwa viwanja vya ndege na kambi za askari. Jamaa za Masisi, Rutshuru ao Kalehe hazihitaji mtu wa kuzieleza maana ya jambo hilo.

Na bado ni katika kizazi hicho, kilichopita vita na kambi, ndipo walitoka wengi wa wazee ambao mganga Suzuki Makoto na wenzake walianza kuwachunguza mwaka 1975. Wako wachunguzi wanaotilia mashaka miaka ya baadhi yao, kwa kuwa vitabu vya kuandikisha watoto viliungua wakati wa vita, na mashaka hayo yana msingi. Hata hivyo, hesabu za serikali ya Japani zilionyesha kwa miaka mingi kwamba watu wa Okinawa waliishi muda mrefu kuliko wa mikoa mingine mingi ya nchi ile, ijapokuwa mkoa wao ulikuwa kati ya zile maskini zaidi.

Kisha mambo yaligeuka. Okinawa ilikaa chini ya utawala wa Marekani mpaka mwaka 1972. Nyama ya mikebe, mikate myeupe, vyakula vya kukaangwa na vinywaji vya sukari viliingia pamoja na kambi za askari, vikaonekana kuwa alama ya maendeleo. Kiazi kikabaki chakula cha kukumbusha vita na umaskini, na vijana wakakionea haya. Mwaka 1995, wanaume wa Okinawa walikuwa wa 4 kwa urefu wa maisha kati ya mikoa 47 ya Japani. Mwaka 2000 walishuka mpaka nafasi ya 26. Japani nzima ilishangaa. Udongo ulikuwa ule ule na bahari ile ile. Kilichobadilika zaidi ni namna watu walivyoishi, na kwanza kabisa kilichowekwa kwenye sahani.

Hapo ndipo historia ya kisiwa cha mbali inagusa Kivu. Viazi vitamu vinalimwa kila mahali hapa, na majani yake, matembele, yanauzwa kwa bei ndogo kuliko mboga nyingi. Kuna maharagi, lengalenga, sombe, soya, ndagala, na sambaza za ziwa. Hivyo vyote, mtoto wa mji anavicheka. Mgeni akifika, jamaa inakopa pesa ili ipike wali mweupe, na viazi vinafichwa kana kwamba ni aibu. Kwenye harusi, meza bila kreti za vinywaji vya sukari inahesabiwa kuwa meza ya wachawi wa pesa. Na mtoto akilia njaa, biskwiti ndiyo inayotangulia. Polepole watu wanafundishwa kudharau kile kilichowalea wazee wao.

Madhara yake hayangoji uzee. Kivu inayajua kwa jina lake yenyewe: bwaki. Ndio ugonjwa ambao mwaka 1933 mganga Cicely Williams aliuandikia katika Ghana ya leo, na ambao dunia inauita kwashiorkor. Neno hilo la Kiga linamsema mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Katika Kivu bwaki ilitesa watoto wengi hata kabla ya vita za miaka ya karibuni, mpaka shirika lililoanzishwa Bukavu lilijiita Comité Anti-Bwaki. Ugonjwa huo unadanganya macho, kwa maana miguu na uso vinavimba, na jirani anaweza kusema mtoto amenona. Mara nyingi mtoto huyo anakula, tena tumbo lake linajaa bugali ya muhogo ao uji wa mahindi matupu. Anachokosa ni vile vinavyojenga mwili: maharagi, soya, samaki, yai, mboga. Mtoto mwenye miguu iliyovimba, nywele zilizogeuka rangi na asiyetaka kucheza, mahali pake ni kituo cha afya siku hiyo hiyo, si kesho kutwa.

Ni kosa, lakini, kumtupia mama lawama yote. Mama anayebeba maharagi ya msaada mpaka sokoni na kurudi na unga wa muhogo si mjinga. Maharagi yanaomba makaa mengi na saa nyingi za moto, na makaa ni bei. Anahitaji pia sabuni, dawa, na daftari za watoto. Akiuza kilo mbili za maharagi, anapata unga unaojaza sufuria kwa siku kadhaa. Amepiga hesabu vizuri. Vitu alivyo navyo ndivyo haba. Kwa hiyo mwenye kutaka watoto wasipate bwaki asianze kwa kuhubiri, aanze kwa kuuliza: kuna makaa? kuna maji? kuna hata mita chache za udongo?

Swali la udongo ndilo zito kuliko yote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hutajwa mara nyingi kwa kumsuta mgeni aliyekaa sana. Lakini waliohama na vita ni wakulima. Jembe wanaliomba wenyewe. Tatizo ni kwamba hawapewi mahali pa kulipiga. Chifu wa mtaa, parokia, shule, mwenye kiwanja kisichojengwa, kila mmoja anaweza kukopesha kipande cha udongo kwa msimu mmoja bila kupoteza kitu, mapatano yakiandikwa na kushuhudiwa. Na pale ambapo udongo ni mawe ya volkano, gunia moja la udongo mbele ya mlango linatosha kuotesha lengalenga.

Mashirika ya kiutu nayo yanapaswa kubadili kipimo. Msaada unahesabiwa kwa tani, lakini mwili wa mtoto hauhesabu tani. Miche ya viazi haina bei kubwa. Majani yake yanachumwa baada ya majuma machache, na viazi vyenyewe vinafuata baada ya miezi kama minne hivi. Viazi vya rangi ya machungwa ndani vina kitu kinachogeuka vitamini A mwilini, ile inayolinda macho na kumkinga mtoto na magonjwa. Kiazi kidogo cha gramu 125 kinatosha mahitaji ya mtoto mdogo ya siku moja. Kazi ya kueneza viazi hivyo iliwapatia watu wanne, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Ujuzi huo uko karibu, ngambo tu ya mpaka. Hakuna sababu ya miche hiyo kuwa adimu mahali ambapo jamaa zilizohama zinakaa.

Kuna na mambo ambayo jamaa inaweza kufanya hata leo, bila kungojea chifu wala shirika. Mtoto mchanga anyonye ziwa tu mpaka miezi sita, kisha aendelee kunyonya mpaka miaka miwili pamoja na chakula kingine. Ndagala kidogo zikisagwa na kutiwa ndani ya uji, zinafaa kuliko sukari. Maharagi yakilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, yanapunguza makaa. Na sufuria inapoteremshwa, mboga na samaki visianze na baba na kuishia kwa watoto. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wa chini ya miaka mitano watangulie. Desturi ya kumpa mkubwa kipande kizuri ina heshima yake, lakini mkubwa mwenye heshima hawezi kula nyama huku mtoto wake akivimba miguu.

Okinawa ina somo moja zaidi, nalo halihusu chakula chenyewe. Wazee wa kule walikuwa na vikundi viitwavyo moai: watu wachache wanaokutana kila mara, wanaochangia pesa kidogo na kupeana kwa zamu, na wasiomwacha mwenzao peke yake. Kila mtu wa Congo anakijua kitu hicho, kinaitwa likelemba. Likelemba ya akina mama kumi inaweza kununua gunia la maharagi kwa bei ya jumla, ao kupika sufuria moja kwa makaa ya mmoja, zamu kwa zamu. Likelemba nyingi zimevunjika kwa sababu watu wametawanyika. Kuziunda upya, hata na majirani wapya wa kabila lingine, ni kazi ya afya sawasawa na chanjo.

Hakuna chakula kinachoweza kushinda risasi, na hakuna kiazi kitakachochukua nafasi ya amani na shamba la mtu mwenyewe. Hilo lisemwe wazi, ili viongozi wasije wakatumia habari za matembele kuwanyamazisha watu. Lakini kungoja amani ndipo mtoto alishwe vizuri ni kuiachia vita impige mara mbili: kwanza imefukuza wazazi wake, kisha inamwachia mwili dhaifu wa kubeba maisha yote yaliyobaki. Kwenye mkutano ujao wa ugawaji wa chakula, wajumbe wa jamaa zilizohama wana haki ya kuuliza kilo ngapi zitatolewa. Waulize pia miche iko wapi, na udongo wa kuipandia ni upi.