Vifaru vya Uingereza: Utani wa wastaafu una somo la leo

Askari wastaafu wa Uingereza waliohudumu kwenye kifaru cha Chieftain wakikutana, husifu vitu viwili: mzinga wake wa milimita 120 na birika la umeme la kuchemshia chai humohumo ndani. Injini je? Hapo ni kicheko tu. L60, iliyoundwa iweze kutumia mafuta ya aina tofauti, ilikuwa ikiharibika mara kwa mara.

Enzi za Vita Baridi, Uingereza ilikuwa na mamia ya Chieftain. Kimoja kikizima, kingine kipo. Leo mpango wake ni kuboresha Challenger 2 148 tu ziwe Challenger 3. Kwa idadi hiyo, kila kifaru kitakacholala gereji kitaacha pengo.