Lango Lisilo na Mji

Juu ya kilima cha Fyrish, katika nchi ya Ross, Uskoti ya kaskazini, limesimama lango la mawe lisilofunga wala kufungua kitu. Nyuma yake hapana mji, mbele yake hapana njia ya soko. Sir Hector Munro, mwenye milki ya Novar, alilijenga mwaka 1782 kwa mfano wa malango ya Negapatam, bandari ya Bara Hindi aliyowanyang'anya Waholanzi mwaka 1781.

Wamsifuo hawaliiti jengo hili upuuzi, huliita sadaka. Husimulia kwamba watu walikuwa na njaa, na bwana, kwa kuchelea kuwavunjia heshima kwa kuwapa bure, aliwapa kazi. Tena husemwa kuwa aliyaporomosha mawe hadi chini ili wayapandishe upya na kulipwa ujira wa pili. Kisa kitamu, na yamkini kina chembe ya kweli. Walakini kikikubaliwa chote, ndicho kimshtakicho. Mtu awezaye kulilipia jiwe moja mara mbili hakosi uwezo wa kujenga daraja, au kusamehe kodi ya ardhi ya mwaka mmoja. Yeye alichagua fahari yake, na wenye njaa wakaibeba mabegani.

Hata fahari yenyewe ni ya kuchagua. Mwaka 1780, baada ya jeshi la Baillie kuangamizwa na Haidar Ali huko Pollilur, Munro alitumbukiza mizinga yake mizito katika birika la hekalu la Kanchipuram, akarudi Madras kwa haraka isiyopendeza. Tukio hilo halikupewa hata tofali kilimani. Wala hawakupewa askari wa Kihindi walioasi mwaka 1764, ambao kwa amri yake walifungwa midomoni mwa mizinga wakalipuliwa.

Wageni wapandao Fyrish husimuliwa habari za mawe. Haifai wanyimwe habari za kondoo. Ardhi ya Kildermorie, katika milki ya bwana huyo huyo, ilikodishwa kwa wafugaji wa kondoo, na ng'ombe wa wanyonge wakakosa malisho. Mwaka 1792 watu wa Ross waliinuka, wakaswaga kondoo kwa maelfu ili wawatoe katika nchi yao. Serikali ikaleta askari wa kikosi cha 42 kuwatawanya. Kanali wa kikosi hicho alikuwa Sir Hector Munro.