Biringanya na karanga zipunguze mlima wa ugali

Ndugu wakaaji wa kambi, nikitembelea nyumba huku Adumi nilimkuta mama mmoja mwenye ugonjwa wa sukari akila mlima wa ugali na mboga kijiko kimoja. Akaniambia, "Mwanangu, kinachoshibisha ndicho chakula." Sikumlaumu, maana tangu mgao upunguzwe mwaka 2023 kila mtu anatafuta shibe. Lakini unga wa mahindi au muhogo ukishafika tumboni hugeuka sukari.

Mimi naona biringanya tunaidharau bure (shuleni hata mimi niliikataa). Ichome pamoja na nyanya juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi, menya, ponda, kisha changanya na karanga zilizokaangwa na kutwangwa, chumvi kidogo. Karanga zenye ukungu tupa, moto hauondoi sumu yake. Karanga hushibisha, hivyo ugali wa ukubwa wa ngumi unatosha.

Anayetumia dawa ya sukari asipunguze ugali kabla ya kuongea na muuguzi, sukari inaweza kushuka akaanguka. Watoto wadogo tusiwanyime uji.

Yule mama amepanda miche minne nyuma ya nyumba. Mmoja umeliwa na mbuzi.