Pakanga ni Neema, Lakini Kikombe cha Chai Hakitoshi



Ndugu zetu wapenzi, tukikaa na wazazi wa Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, na wale wa Tororo, mara nyingi mazungumzo huishia kwenye pakanga, ule mmea wa kutoka China uitwao Artemisia annua. Mama huuotesha nyuma ya nyumba, huchemsha majani, na mtoto akipata homa humpa kikombe. Hatuwalaumu. Dawa ya duka ina gharama, na zahanati si kila mara iko karibu. Lakini yatupasa tuelezane ukweli, kwa sababu malaria ya huku si ya mchezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mtu mmoja wa Tororo aliumwa mara 562 kwa mwaka na mbu wenye vimelea.

Ni kweli kabisa kwamba ndani ya pakanga mna dawa. Mtafiti wa China, Tu Youyou, alisoma vitabu vya kale vya tiba za kwao, na mwaka 1972 kundi lake likaitenga artemisini safi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Basi asiwepo wa kuidharau elimu ya wazee.

Wanafunzi wetu wazingatie jinsi inavyofanya kazi. Katika artemisini mna atomu mbili za oksijeni zilizoshikana. Kimelea cha malaria hula hemoglobini ya damu yetu, na kwa kula huko huachilia madini ya chuma. Chuma hicho huvunja ule mshikamano wa oksijeni, zikatokea chembe kali zinazokiharibu kimelea. Yaani huangamizwa na mabaki ya chakula chake mwenyewe. Subhanallah!

Sasa tatizo la chai liko wapi? Kwanza, artemisini haiyeyuki vizuri katika maji. Tu Youyou mwenyewe alifanikiwa alipoacha kuchemsha akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Pili, majani hayalingani: mmea mmoja una artemisini nyingi, wa jirani una kidogo sana. Nani jikoni atapima? Tatu, artemisini hutoka mwilini baada ya saa chache tu. Ndiyo maana dawa mseto, ambayo wengi twaijua kwa jina la Coartem, imechanganywa na lumefantrini inayobaki mwilini siku kadhaa na kumaliza vimelea vilivyosalia.

Dozi ndogo humpa mtoto nafuu ya uongo. Homa hushuka, vimelea vyenye nguvu hubaki, kisha mbu huvichukua na kuvipeleka kwa jirani. Mwaka 2021 watafiti walichapisha ushahidi kwamba kaskazini mwa Uganda vimelea vimeanza kustahimili artemisini. Mpaka wa Busia hauzuii mbu wala abiria. Shirika la Afya Duniani nalo lilitamka mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutumia mmea huu, kwa namna yoyote, kutibu au kukinga malaria.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Mtoto akipata homa apimwe damu siku hiyo hiyo. Ikionekana malaria, amalize dozi yote, mara 6 katika siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa iingie vizuri mwilini. Tusigawe dozi ya mtoto mmoja kwa wawili, wala tusiweke vidonge vya akiba baada ya homa kushuka. Na kama mtoto amekwisha kunywa pakanga, mwambieni muuguzi bila kuona haya.

Watoto ni amana mikononi mwetu. Kutafuta tiba iliyopimwa hakupunguzi tawakkul, bali ni sehemu ya kuitunza amana hiyo.

Wabillahi tawfiq.